Wivu wa Msomaji wa Mwaya

Siku ya meli, hakuna mtu wa Mwaya aliyekaa kwake. Honi ilipolia kutoka ziwani, wapagazi waliacha uji bakulini, wanawake wakajifunga upya kaniki zao, na askari wa forodha akafunga vifungo vya koti ambavyo siku nyingine aliviacha wazi. Mitumbwi ilikwenda na kurudi, ikishusha marobota ya merikani na mapipa ya mafuta ya taa, ikipakia mpunga. Ufuko wote ulinuka moshi, samaki na jasho.

Barazani pa ghala la Mhindi, juu ya magunia, alisimama kijana mrefu mwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka. Jina lake Lutengano, mtoto wa wakulima wa Ngonga. Alikuwa karani wa mizani wa ghala lile, lakini watu hawakumjua kwa mizani. Walimjua kwa gazeti. Mwaka ule wa 1909 Wajerumani walikuwa wakitawala kutoka boma lao la milimani, na huko huko milimani misheni moja ilikuwa na mtambo wa chapa uliotoa gazeti la Kiswahili kila mwezi, *Taa ya Nyasa*. Wachache Mwaya walijua kusoma. Kwa hiyo Lutengano alisoma kwa macho, kisha akawaeleza watu kwa Kinyakyusa. Walichokipenda kuliko habari za boma na za kanisa ni ukurasa wa mwisho, Ukurasa wa Maarifa, uliosimulia magonjwa, mitambo, wadudu na nyota.

"Sikilizeni," alisema siku ile. "Madaktari wamechunguza, wakaona kwamba homa haitoki kwenye hewa ya mabondeni. Inaletwa na mbu."

"Anaibeba wapi?" iliuliza sauti ya mwanamke. "Kichwani au mgongoni?"

Watu waliangua kicheko. Lutengano alitafuta aliyesema, akamwona msichana amesimama katikati ya vyungu vilivyopangwa juu ya majani makavu. Alikuwa amevaa kaniki iliyofungwa chini ya makwapa, shanga nyekundu shingoni, na udongo wa mfinyanzi ulikuwa umemkaukia hadi kwenye viwiko. Hakuwa akicheka. Alitaka jibu.

"Tumboni, dada," alisema Lutengano. "Anamuuma mgonjwa, anainywa homa pamoja na damu, kisha anakuja kukuuma wewe."

"Na nani alimpasua mbu tumbo akaiona?"

"Gazeti linasema madaktari."

"Hao madaktari wana visu vidogo kweli kweli," alisema msichana, na safari hii akacheka mwenyewe. Meno yake yalikuwa na mwanya mdogo katikati. Lutengano alipoteza mstari aliokuwa akiusoma, na hakuupata tena mchana ule.

Meli ilipoondoka alimfuata kwenye vyungu.

"Ugonile, binti."

"Ndaga. Unataka chungu, au umekuja kunipasua tumbo uone maswali yanakotoka?"

"Nataka jina."

"Neli. Binti Anyitike, wa Ikombe. Chungu je?"

Alinunua chungu ambacho hakuwa na kazi nacho, akakibeba kifuani kama mtoto, na vijana wa forodhani wakampigia mbinja njia nzima.

Tangu hapo kila mtumbwi wa Wakisi uliotoka Ikombe na vyungu, Lutengano aliutazama kabla haujafika. Neli alikuja na baba yake, Mzee Anyitike, mtu wa maneno machache aliyekuwa bingwa wa kupiga kasia. Baba alipokwenda kubadilisha vyungu kwa mpunga, Neli alikaa barazani na kumsikiliza msomaji wake.

"Muulize mwenye gazeti kitu," alisema siku moja. Mbali ziwani wingu jeusi lilisimama kama moshi wa nyumba inayoungua. "Wadudu wale, kungu. Tunawakamata, tunawakanda mikate, tunakula. Lakini wanatoka wapi? Bibi yangu alisema ziwa linavuta kiko."

"Niandike hivyo?"

"Andika. Na jina langu utie, usijifanye swali ni lako."

"Na mimi nitapata nini?"

"Utapata mkate wa kungu."

"Mkate tu, mpenzi?"

"Eti mpenzi! Nani amekupa neno hilo? Liko ukurasa wa ngapi?" Lakini alisema huku akitazama chini, na kidole chake cha udongo kikachora mstari kwenye mkono wa kanzu ile nyeupe. Lutengano hakuufua mkono huo wiki nzima.

Jibu lilikuja katika gazeti lililofuata. Mwandishi wa Ukurasa wa Maarifa, Mwalimu Lameck, alieleza kwamba kungu huzaliwa wakiwa funza wadogo ndani ya matope ya ziwani, na wakishapata mabawa huinuka wote kwa pamoja kutafuta wenzao. Lutengano aliwaeleza watu vizuri, kwa madaha. Kisha akafika mwisho, akaanza kulikunja gazeti.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza Neli.

"Kuna salamu kidogo."

"Zisome."

"Anasema... 'Bibi Neli wa Ikombe ameuliza jambo ambalo sisi wenye elimu tumelipita kila siku bila kulitazama. Laiti ningekuwa na wasomaji wengi wenye macho kama yake.'"

Wanawake walipiga vigelegele. Neli aliziba uso kwa viganja, akachungulia katikati ya vidole.

"Soma tena hapo," alisema.

"Wapi?"

"Hapo kwenye macho."

Akasoma tena. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake Lutengano aliona uchungu wa kumsifia mpenzi wako kwa maneno ya mwanamume mwingine.

Jambo hilo likawa mazoea. Neli aliuliza kwa nini udongo wa Ikombe hupasuka motoni usipochanganywa na mchanga. Aliuliza kwa nini mwezi humfuata mtu anayepiga kasia. Lutengano aliandika, Lameck akajibu, na kila jibu lilikuwa na mkia wake wa sukari. Neli aliomba kurasa zile, akazitundika ukutani kwao ingawa hakuweza kuzisoma.

"Huyo Lameck ni kijana au mzee?" aliuliza siku moja, akipangusa chungu.

"Nitajuaje mimi?"

"Anaandika kama kijana."

"Unampenda?"

"Nimpende nani, karatasi?" Neli alimkazia macho, kisha tabasamu likamjia polepole. "Lutengano! Una wivu na karatasi?"

"Sina."

"Masikio yako yamesema unao."

Alipofika mara nyingine alileta chungu kidogo, kizuri kuliko vyote alivyowahi kufinyanga, kimechorwa nakshi nyeupe na nyekundu shingoni. Lutengano alinyoosha mikono kukipokea.

"Si chako," alisema Neli. "Wape wapagazi wanaoleta gazeti kutoka milimani. Wampelekee Mwalimu Lameck, ashukuriwe."

Lutengano alikipeleka. Njiani aliona mawe mengi mazuri ya kuangushia chungu, lakini hakukiangusha. Alikikabidhi, akarudi, na jioni ile akapima mpunga wa watu vibaya hadi tajiri wake akamfokea.

Ndipo ikatokea nyota yenye mkia. Ilikuwa Mei ya 1910, mpunga umeiva mashambani. Watu waliotoka alfajiri kwenda kuvuna waliiona juu ya milima ya Wakinga, mkia wake umenyooka angani kama moshi mweupe. Mabaharia wa meli wakashusha na uvumi: Wazungu wenyewe wanasema mkia ule una sumu, utaigusa dunia, na kila chenye pumzi kitakufa. Pale Mwaya watu walianza kusemea chini chini, na wengine wakaanza kuchinja ng'ombe wao ili angalau wafe wameshiba.

Neli hakuwa na utani siku aliyokuja. "Andika upesi," alimwambia Lutengano. "Baba anataka kutuhamisha. Anasema tukimbilie upande wa kusini, kwenye mapango. Mimi nimemwambia asubiri gazeti. Gazeti halijatudanganya hata siku moja."

"Utamwamini Lameck?"

"Nitakuamini wewe utakayenisomea."

Gazeti liliposhuka, baraza lilijaa hadi watu wakapanda juu ya mapipa. Lutengano alifungua ukurasa wa mwisho. Lameck alikuwa ameandika kwa herufi nene: *Msiogope. Mkia wa nyota ile ni mwembamba kuliko ukungu wa asubuhi. Hautamdhuru mtu wala ng'ombe. Vuneni mpunga wenu.* Na chini yake: *Bibi Neli alale salama. Chungu chake kiko mezani pangu, nacho ndicho kitu kizuri kuliko vyote chumbani mwangu.*

Macho ya Lutengano yalibaki kwenye mstari ule wa chini. Aliiona meza. Akakiona chungu. Akauona mkono wa mwanamume asiyemjua ukipita juu ya nakshi zilizochorwa na vidole vya Neli. Kitu kama kaa la moto kilimpanda kifuani, akainua uso.

"Anasemaje?" watu waliuliza.

"Anasema hajui," alisema Lutengano. "Anasema na yeye mwenyewe anaogopa."

Alitaka jambo dogo tu: Lameck aonekane mwoga mbele ya Neli. Lakini neno halikubaki pale alipoliweka. Mwanamke mmoja alipiga yowe. Mtu mmoja alidondosha mundu, akaondoka mbio. Mzee Anyitike alimshika bintiye mkono.

"Umesikia mwenyewe," alimwambia. "Twende."

"Lutengano," Neli aliita huku akivutwa, "hakuna zaidi? Hakuna salamu?"

"Hakuna."

Hata sasa angeweza kupaza sauti. Alifungua kinywa, akawaza aibu, akakifunga.

Mashamba yalibaki na mpunga wake, ndege wakaula wapendavyo. Watu wa Ngonga walipanda milimani na watoto mgongoni. Mzee Anyitike alipakia mtumbwini mke wake, binti yake, vyungu vya msimu mzima na mikeka, akaelekea kusini wakati upepo wa mwera ulikuwa umeshaanza kuvimba. Mawimbi yaliwapindua mbele ya miamba. Wavuvi waliwaokoa, lakini mtumbwi ulivunjika vipande viwili, vyungu vyote vikazama, na Mzee Anyitike alitolewa majini mguu wake umepondwa kwenye jiwe.

Na nyota ikapita zake. Ilihamia magharibi, ikaonekana jioni, ikafifia, na hakufa hata kuku.

Habari zilifika milimani kwamba watu wa ziwani wamekimbia kwa sababu ya maneno ya gazeti. Lameck akateremka mwenyewe. Alifika Mwaya siku ya meli, na Lutengano akayaona yale aliyoyaogopa muda wote: kijana wa rika lake, koti la kijivu, viatu, sauti ya upole, na uso ambao wanawake waliugeukia. Neli naye alikuwapo, amekuja na wajomba zake kutafuta dawa ya mguu wa baba. Mtu mmoja alimwonyesha Lameck aliposimama Neli, na Lameck akavua kofia.

"Bibi Neli? Ningekutambua hata bila kuonyeshwa. Nimesikia yaliyowapata. Niambie, kwa nini mlikimbia? Niliandika msiogope."

"Uliandika unaogopa," alisema Neli.

"Mimi?"

Lameck alitoa gazeti mfukoni, akatazama huku na huku. "Nani huwasomea hapa?"

Hakuna aliyemtaja Lutengano. Vichwa tu viligeuka. Lameck alimwendea, akampa gazeti. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Lutengano zaidi.

"Soma, ndugu yangu."

Lutengano alisoma. Alisoma kwa Kiswahili, kisha akaeleza kwa Kinyakyusa, neno kwa neno: msiogope, ukungu, mtu wala ng'ombe, vuneni mpunga wenu. Watu walianza kunguruma. Angeweza kuishia hapo. Alivuta pumzi akaendelea, "Bibi Neli alale salama," na chungu, na meza, hadi nukta ya mwisho. Kisha akamtazama Neli.

"Niliyaona yote haya siku ile. Nikasema uongo, kwa sababu ya mstari huo."

Mtu alimtupia ganda la ndizi. Mwingine alisema afungwe. Neli alimpita kama mtu anavyopita mti, akaenda kwenye mtumbwi wa wajomba zake, na Lameck akapanda pamoja naye, akitaka kumwona mgonjwa.

Lutengano aliacha kazi ya ghala. Alikwenda kwanza Ngonga, nyumba kwa nyumba, akiwaomba radhi waliopoteza mpunga, na wengine walimfukuza na mbwa. Kisha akashika shoka la baba yake, akatembea kando ya ziwa, akapita Matema, akafika Ikombe. Mzee Anyitike alikuwa amelala nje kivulini, mguu umefungwa kwa vijiti.

"Tata, nimekuja kuchonga mtumbwi."

Mzee alilitazama shoka. "Mti uko kule juu," alisema, akageukia upande wa pili.

Akaukata, wakaushusha kwa kamba yeye na wajomba, akaanza kuuchimba ufukweni. Kutoka pale aliona tanuri la vyungu. Lameck alikuwa bado yuko Ikombe, akiandika makala ya ufinyanzi, na kila siku alikaa karibu na Neli, daftari gotini. Upepo ulileta vicheko vyao. Lutengano alipiga shoka. Aliona Lameck akionyeshwa namna ya kuchanganya mchanga, mikono yao yote miwili ndani ya udongo mmoja. Akapiga shoka. Viganja vilipasuka, akavifunga kwa kitambaa cha kanzu yake, akaendelea.

Asubuhi moja alimwona Lameck akishuka ufukweni peke yake, begi mkononi. Alisimama kando ya mtumbwi.

"Nimemwomba tuoane," alisema Lameck.

Shoka lilibaki juu. "Akasemaje?"

"Kamuulize mwenyewe. Mimi sitaki maneno yangu yapitie kinywa chako mara ya pili." Alivaa kofia, akaondoka kuelekea Matema, na hakugeuka nyuma.

Neli alikuja mchana, na bakuli la wali na samaki aina ya mbasa. Aliliweka juu ya gogo, akakaa mbali kidogo.

"Kula."

"Ulimjibu nini?"

"Kula kwanza."

"Neli, chakula hakitapita."

"Nilimkataa," alisema. "Ni mtu mwema, Lutengano. Ni mwema kuliko wewe. Nilimuuliza kama ameshapika kwa chungu changu. Akasema hapana, amekitilia kalamu, akikiharibu kwa moto atasikitika. Nikawaza, na mimi atanikalisha hapo hapo mezani, anitazame." Alichota mchanga, akaumwaga. "Lakini usifikiri nimekuja kukusamehe kwa sababu ya hilo. Baba yangu hatapiga kasia tena."

"Najua."

"Tungekufa wote."

"Najua. Sina neno la kujitetea. Nilikuona ukicheka kwa maneno yake, nikaungua. Basi."

Mawimbi yaliramba ubavu wa mtumbwi mpya.

"Nilijua unaungua," alisema Neli kwa sauti ndogo. "Kile chungu nilikituma kupitia mkononi mwako makusudi. Ningeweza kuwapa wapagazi mwenyewe. Nilitaka kukuona uso."

"Ulikuwaje, uso wangu?"

"Kama mbu aliyepasuliwa." Walicheka wote wawili, bila kupanga, kisha wakaona haya kwa kucheka. Neli akafuta macho. "Nakupenda, mjinga wewe. Ila siwezi kuishi nikitegemea kinywa chako. Nifundishe kusoma."

Lutengano alielewa alichokuwa akiombwa. Akijua kusoma, atajua kuandika. Akijua kuandika, atamwandikia Lameck mwenyewe, na hakuna mtu atakayesimama katikati yao.

"Tuanze lini?" aliuliza.

"Ukishakula."

Alimfundisha juu ya mchanga kwa kijiti, na juu ya udongo mbichi kwa mwiba. Neli alikuwa mwanafunzi mgumu. Alitaka kujua kwa nini herufi moja ina tumbo na nyingine haina, na alipokosea alimlaumu mwalimu. Mara nyingine walikorofishana, akaenda zake, akarudi amejifunza peke yake. Mtumbwi ulikwisha, ukatiwa majini, ukaelea vizuri, na Lutengano akawa mpiga kasia wa Mzee Anyitike, akipeleka vyungu Mwaya na kurudi, akivumilia maneno ya watu ufukweni. Gazeti lilipotoka alilileta likiwa limekunjwa, bila kulifungua.

Mvua zilipokaribia, jioni moja Neli aliketi mbele ya baba yake, akakunjua *Taa ya Nyasa*, akasoma Ukurasa wa Maarifa kuanzia juu hadi chini. Ilikuwa habari ya ugonjwa wa ng'ombe, namna unavyoenea na namna ya kuwatenga wagonjwa. Alikwama mara kadhaa, akarudi nyuma, akasonga mbele. Jina la Lameck lilikuwa chini, na alilisoma hilo pia. Lutengano alikaa mlangoni, ametulia, mikono kati ya magoti.

Mzee Anyitike alimgeukia. "Amesoma sawasawa?"

"Sawasawa, tata. Hakuacha kitu."

"Na mimi nitajuaje kwamba hunidanganyi tena?"

"Sasa tuko wawili tunaojua, tata," alisema Neli. "Mmoja akidanganya, mwingine atasema."

Mzee aliusugua mguu wake. Kisha akasema, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa, "Ng'ombe wa mahari wa Ngonga, kama ni wazima, waje. Wagonjwa wabaki huko huko kama ilivyosomwa."

"Ndaga fijo, tata," alishukuru Lutengano.

Neli alimsindikiza hadi ufukweni. Ziwa lilikuwa limetulia, harufu ya moshi wa tanuri ikielea juu ya maji.

"Nina swali jipya la gazeti," alimwambia. "Nitaliandika mwenyewe."

"Kwa Lameck."

"Kwa Lameck. Ndiye anayejua." Alimtazama usoni. "Linakuuma?"

"Linaniuma."

"Na utafanyaje?"

"Nitaumwa," alisema Lutengano, akisukuma mtumbwi majini. "Andika. Kesho nikija kulichukua nitawapelekea wapagazi."

Neli aliingia majini hadi magotini, akamshika kanzu pale begani, akamvuta chini, akambusu mbele ya wavuvi wote wa Ikombe waliokuwa wakikunja nyavu zao.

"Waache nao wawe na wivu," alisema, akausukuma mtumbwi kwa mikono miwili.